Makazi Holela Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwenye mikutano ya mitaa, kwenye foleni za ofisi za watendaji na kwenye mabaraza ya nyumba za Daraja Mbili, Unga Limited, Ngarenaro na Sombetini jijini Arusha, pamoja na Pasua na Njoro mjini Moshi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani ya kuyapatia makazi yaliyokwisha kujengwa mchoro, upimaji na hati, na majibu nimeyaandika kwa ajili ya mwenye nyumba na mpangaji vilevile, kwa kuwa wote wawili huamkia uchochoro mmoja.

Makazi holela ni yapi, na je, ni kitu kimoja na makazi duni?

Si kitu kimoja, ingawa mara nyingi hukutana mahali pamoja. Makazi holela ni eneo lililojengwa kabla ya kuchorwa mchoro wa mipangomiji na kabla ya kupimwa, hata kama nyumba zake ni imara. Makazi duni hupimwa kwa hali ya maisha ya wakazi: shirika la Umoja wa Mataifa la makazi huihesabu kaya kuwa inaishi katika makazi duni inapokosa walau kimoja kati ya maji salama, choo kinachofaa, nyumba ya kudumu, nafasi ya kutosha isiyozidi watu watatu kwa chumba, na uhakika wa kutofukuzwa. Duniani kote watu wanaoishi katika hali hiyo wamezidi bilioni moja.

Msomaji aliyezoea picha za Kibera, Nairobi, ambako wengi wamepanga vibanda vya mabati kwenye ardhi ya serikali, atashangaa akiingia Daraja Mbili. Hapa nyumba nyingi ni za tofali za saruji na bati, mwenye nyumba mara nyingi anaishi humohumo, na kabatini ana karatasi ya mauziano yenye sahihi ya mjumbe na mashahidi. Kasoro kubwa haiko kwenye ukuta wa nyumba. Iko kwenye nafasi iliyobaki kati ya nyumba na nyumba, ambayo haitoshi njia, wala mtaro, wala gari la kunyonya majitaka.

Kwa nini Arusha imejengwa hivi?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya 2022 ikahesabu watu 617,631. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 200,000 ndani ya miaka kumi, na viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa mwendo huo. Mji uliokulia kando ya boma la Wajerumani ulizungukwa tangu zamani na mashamba makubwa ya kahawa, hivyo hata ulipopata makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, na baadaye utalii na biashara ya tanzanite vilipovuta watu, ardhi ya kuwapokea ilibaki kuwa mashamba madogo ya wakulima waliokuwa jirani. Mkulima alikata kipande, akakipima kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini au pungufu yake, akamwuzia dereva au mama lishe aliyekuwa na akiba kidogo. Mnunuzi alifanya hivyo kwa sababu kiwanja cha halmashauri hakikuwa kinapatikana kwa fedha yake wala kwa muda wake.

Moshi ina sura yake. Eneo la manispaa ni dogo, takriban kilomita za mraba 58, na huko juu mlimani kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka hakigawanyiki tena. Kijana asiyepata sehemu hushuka mjini kutafuta chumba.

Je, serikali itatubomolea?

Historia ya sera inasaidia kujibu bila kutisha na bila kudanganya. Baada ya uhuru njia iliyotumika ilikuwa kuondoa nyumba duni na kujenga mpya mahali pake, kazi ambayo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilikabidhiwa. Ilionekana mapema kwamba nyumba zinazobomolewa ni nyingi, fedha za kujenga ni chache, na waliovunjiwa huenda kujenga holela mahali pengine. Miaka ya 1970 sera ikageuka kuelekea kuboresha palepale walipo watu, kwa kutoa viwanja na huduma, na Manzese ya Dar es Salaam ikawa mfano mkubwa wa mradi huo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, katika vifungu vya 56 hadi 60, vimeuweka urasimishaji kuwa njia halali, na sheria inatambua masilahi ya mtu anayeikalia ardhi kwa muda mrefu hata kama haijapimwa.

Hata hivyo yako maeneo ambayo urasimishaji hauwezi kuyagusa, na ni afadhali kuyajua kabla ya kununua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Katika jiji linalopitiwa na Themi, Naura, Goliondoi na Burka, zuio hilo linazigusa kaya nyingi. Hifadhi ya barabara kuu iliongezwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na aliyejenga ndani ya nyongeza hiyo kabla ya sheria ana haki ya kulipwa.

Ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia inapaswa kuwa kamili, ya haki na ya haraka. Huhesabiwa kwa bei ya soko ya ardhi na jengo, ikiongezwa posho ya usumbufu, gharama za usafiri, faida inayopotea kama kuna biashara, na pango la miezi 36 kwa aliyekuwa akiishi humo. Mthamini anapofika kwako, uwepo nyumbani mwenyewe, saini kile tu ulichokisoma, na ubaki na nakala.

Urasimishaji unafanyikaje?

Huanza kwa mkutano wa mtaa ambapo wakazi wanakubali kwa wingi wao na kuchagua kamati. Kisha kila kipande kinatambuliwa kikiwa na mwenyewe na majirani zake, mchoro wa mipangomiji unaandaliwa, unabandikwa hadharani ili wenye pingamizi waseme, unaidhinishwa, halafu wapimaji wanakuja kuweka bikoni, yaani alama za mipaka. Baada ya ramani ya upimaji kuidhinishwa, kila mmoja anaomba hati yake, na tangu mwaka 2020 kazi ya kuitoa inafanyika katika ofisi ya ardhi ya mkoa, jambo lililopunguza safari.

Yote hayo ni rahisi kuyaandika. Ugumu unakuja kwenye njia, kwa maana mchoro hauwezi kukamilika bila barabara, na barabara haiwezi kupatikana bila mtu kutoa sehemu ya eneo lake, tena bila kulipwa. Nitaeleza uchochoro mmoja tu, kwa kuwa umenifundisha kuliko semina zote. Ulikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mlango wa choo cha nyumba ya kona ulifungukia nje, hivyo ukifunguliwa, mwenye ndoo kichwani alisimama kusubiri. Tulifunga uzi kwenye vijiti viwili, tukauvuta kutoka kona hadi kona, na uzi ukapita katikati ya migomba mitatu ya bibi mmoja mjane. Watu wakanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Yeye mwenyewe akaugusa uzi, akasema, "Wanangu, hii miwili kateni leo. Huu wa tatu una mkungu, uacheni ukomae, halafu barabara yenu ipite." Mzee wa upande wa pili, aliyekuwa amegoma wiki mbili nzima, akaenda kuchukua panga akasaidia kukata, na jioni ile akarudisha uzio wake nyuma hatua moja. Uchochoro ukapata mita tatu.

Ninalisisitiza hili mbele ya kila kamati inayotuita: tafuteni njia kwanza, wakati bado kuna uzio wa miti na migomba, kabla ukuta wa tofali haujasimama. Mita moja inayotolewa leo kwa maneno, baada ya miaka mitano hutolewa kwa nyundo na kesi.

Nililipia urasimishaji miaka mingi iliyopita na sijapata hati. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na ninalijibu nikiwa miongoni mwa walioumia. Mtaani kwetu kampuni moja ya upimaji ilikusanya michango, ikaweka bikoni kwenye sehemu ya mtaa, kisha wahusika wakaacha kupokea simu. Wapo kina mama waliolipa kwa fedha ya vikoba ambao hadi sasa wana risiti tu.

Hatua ya kwanza ni kujua kazi ilisimama wapi, kwa sababu mara nyingi mchoro au ramani ilishaidhinishwa na kilichobaki ni maombi ya mtu mmojammoja. Nendeni kwa afisa ardhi wa halmashauri kama kamati, mkiwa na orodha ya majina, risiti na namba za vipande, mkaulize namba ya mchoro na namba ya ramani ya upimaji. Mkiwa wengi mnajibiwa upesi kuliko mtu mmoja anayekwenda kulalamika. Ikionekana kampuni haikuwasilisha kazi, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa kamishna msaidizi wa ardhi wa mkoa. Na kwa mtaa ambao haujaanza: lipeni kwenye akaunti ya benki ya kamati yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kampuni ilipwe kadiri kazi inavyofika.

Je, hati itaninufaisha kwa kweli?

Hati inakulinda dhidi ya mgogoro wa mipaka, inakupa nafasi bora wakati wa fidia na inarahisisha urithi. Inaweza pia kuwa dhamana ya mkopo, na hoja hii ndiyo iliyotiliwa mkazo tangu mwaka 2004 mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, MKURABITA, ulipoanza chini ya ushawishi wa mawazo ya Hernando de Soto, mchumi wa Peru. Lakini benki hukopesha kwa kuangalia kipato kwanza, na muuza mitumba wa soko la Kilombero, Arusha, mwenye hati bado ataulizwa mzunguko wa fedha zake. Usiweke nyumba pekee ya familia kuwa dhamana ya biashara ambayo hujaijaribu. Fahamu pia kwamba hati huja na kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Ipo pia leseni ya makazi, iliyo chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Ardhi, ambayo ni haki ya muda mfupi inayoweza kuhuishwa. Ilitumika zaidi Dar es Salaam.

Choo kimejaa na gari la majitaka haliwezi kufika. Tufanyeje?

Nikiulizwa jambo moja ambalo likitengenezwa litabadilisha afya ya mitaa yetu, nitataja choo kabla ya hati. Katika nyumba ya vyumba vinane yenye familia nane shimo hujaa haraka, na pale gari lisipofika, masika yanapoanza wapo wanaotoboa shimo usiku ili mvua ichukue kinyesi hadi mtaroni. Wanaita kutapisha choo. Maji hayo hupita mlangoni kwa wa chini, watoto huyakanyaga wakienda shule, na hatimaye huishia kwenye mto uleule unaomwagilia bustani za mchicha.

Kwa shimo ambalo gari halifikii, zipo pampu za mkono zinazonyonya tope na kulitia kwenye mapipa, yanayosukumwa kwa mkokoteni hadi mahali gari lilipo. Mnapojenga choo kipya, kiwekeni upande wa njia, shimo lijengewe na liwe na mfuniko unaofunguka, kwa kuwa nyumba nyingi hulazimika kuvunja sakafu ili kulifikia shimo lililofukiwa. Nyumba tatu au nne zenye maeneo madogo zinaweza kuchangia shimo moja kubwa kando ya njia, kwa makubaliano yaliyoandikwa ya nani analipia na lini.

Jibu la kudumu ni bomba la majitaka. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliokopeshwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na kugharimu takriban shilingi bilioni 520, ulipanua mtandao wa maji safi na wa majitaka pia, na mtaa uliokwisha kufungua njia ndio unaoweza kuomba kuunganishwa, maana bomba nalo linahitaji mahali pa kupita. Moshi, iliyosifika nchini kwa usafi, imeyapeleka majitaka yake kwenye mabwawa ya Mabogini.

Maji ya kisima chetu yanawafanya watoto wawe na meno ya kahawia. Je, ni salama?

Ni madini ya floraidi, yanayotokana na miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Kuchemsha hakuyaondoi, kwa kuwa maji yakipungua floraidi hubaki ileile na ukali wake huongezeka. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeendeleza chujio la mkaa wa mifupa linaloyapunguza. Kwa mtoto mdogo, ambaye meno na mifupa yake bado inajengeka, tumieni maji ya bomba yaliyopimwa au ya mvua kwa kunywa na kupikia, na ya kisima yabaki kwa kufulia.

Mimi ni mpangaji. Maboresho haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu, na ni kosa kubwa la mikutano yetu kwamba wanaoitwa ni wenye nyumba peke yao. Barabara ikipita na taa zikiwaka, kodi ya chumba hupanda. Niliwahi kuona mama mmoja mchoma mahindi akihamisha godoro na majiko yake mawili kwa toroli, miezi michache baada ya mtaro ambao yeye mwenyewe alijitolea kuuchimba kukamilika.

Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna kiwango cha serikali kinachomzuia mwenye nyumba kupandisha kodi, na kinga yako kubwa ni mkataba. Uandikwe hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, utaje kodi, muda, na taarifa ya kuhama, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi mnacholipiana kodi. Kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, ni deni la mwenye nyumba. Kama ni wewe unayenunua umeme, tunza ujumbe wa manunuzi, na kiasi hicho kikatwe kwenye pango kwa maelewano.

Kamati zinazotaka haki zinaweza kukubaliana mapema na wenye nyumba kwamba kodi haitapandishwa kwa kipindi fulani baada ya mradi. Si sharti la kisheria, lakini linapozungumzwa mbele ya mtaa mzima lina uzito.

Mume wangu amefariki na ndugu zake wanataka eneo. Kamati iandike jina la nani?

Kamati haina mamlaka ya kugawa mirathi, na isikubali kuandika jina la shemeji kwa sababu tu amekuja na wazee. Iandike kwamba eneo lina mirathi, na wewe ufungue shauri mahakamani ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Sheria ya Ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kazi ya nyumbani nayo ni mchango katika mali ya ndoa: Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hivyo mwaka 1983 katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Kwa walio hai, ushauri wangu ni mmoja: fomu ya utambuzi ijazwe majina ya mume na mke. Ni mstari mmoja wa wino unaoepusha miaka ya kesi. Nawaomba hasa ndugu zangu wa Moshi, ambao wengi tunajua kihamba kiko kwa jina la nani, tusiilete desturi hiyo kwenye kiwanja ambacho mke alikichangia kwa genge lake la ndizi.

Kwa nini serikali isitujengee nyumba za bei nafuu?

Hujenga, lakini nyumba iliyokamilika kwenye kiwanja chenye barabara na maji ina gharama ambayo mwenye kipato cha kila siku haimudu, hata ikiitwa nafuu. Mji wa Safari City, ulioanzishwa na Shirika la Nyumba la Taifa nje kidogo ya Arusha, umewasaidia wenye mishahara zaidi. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa ikikopesha wajenzi wa kawaida, ilikufa mwaka 1995.

Mfano unaonipa matumaini zaidi ni wa Chamazi, Dar es Salaam. Wakazi waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wakiwamo wapangaji, waliunganika kupitia vikundi vya akiba vya Shirikisho la Watu Maskini Mijini, wakanunua ekari 30 na kuanza kujenga nyumba kwa ushirika, kwa tofali walizofyatua wenyewe. Haikuwa rahisi, na kutoka Chamazi hadi kwenye kazi za mjini ni mbali. Lakini mpangaji aliondoka pale akiwa na mahali pake.

Kwenye mkutano wa kwanza wa kamati nilete nini?

Leta nakala ya karatasi ya mauziano au barua ya urithi, kitambulisho cha Taifa, na kama inawezekana jirani mmoja wa kila upande anayeujua mpaka. Kama una mpangaji, mwambie naye aje. Asili ya karatasi iache nyumbani.